Blanketi Juu ya Friza

Juzi nimefungua friza ya mama. Haijagandisha kitu kwa miaka mingi. Mashine yake ilikufa, fundi akasema haifai kutengenezwa, na mama hakuona sababu ya kutupa sanduku zuri namna ile. Akaifanya mahali pa kuwekea blanketi na mashuka. Nilikuwa natafuta nguo za kumpelekea mama mochari, kwa sababu mdogo wangu alipiga simu akasema zinahitajika, na ile gauni yake ya kanisani sikuiona sandukuni. Nikainua kifuniko cha friza. Samaki hawanuki tena humo. Lakini ule mpira wa pembeni, wa kuzuia baridi isitoke, bado una harufu yake ileile, kitu kati ya kiatu kipya na maji yaliyolala ndani ya chupa. Nikabaki nimesimama, kifuniko mkononi.

Waliokulia mtaa wa Nyalenda wakati mmoja na mimi kila mmoja ana kumbukumbu yake ya stima kupotea. Ilikuwa ikipotea mara nyingi, ikirudi mara nyingi, na watoto walikuwa wakipiga kelele mtaa mzima ikirudi. Mara moja tu ndiyo ilipotea ikakataa kurudi, na hiyo ndiyo nitakayoieleza. Ilikuwa kiangazi, ile miezi ya mwanzo wa mwaka ambapo mabati huanza kulia asubuhi kwa joto na upepo wa ziwa hauji mpaka alasiri.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha. Friza aliinunua kutoka hoteli iliyokuwa inafungwa. Ilikuja bila miguu, akaitengenezea miguu ya chuma, mirefu kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo mimi sikuweza kuona ndani mpaka nipande juu ya kigoda. Mama alikuwa akinunua samaki ufukweni Dunga asubuhi boti zikiingia, ngege na mbuta, anawatia humo, na watu wa mtaani wanakuja kununua mlangoni jioni. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na pazia katikati. Friza ilikuwa upande wetu watoto. Nililala nikiisikia inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena, na niliamini kwamba inapumua.

Kiangazi hicho baba aliumwa kifua, akalazwa hospitali, na hakurudi. Sikuelezwa kwa maneno marefu. Niliona wanawake wamejaa uani, nikaona mama amekaa chini badala ya kukaa kwenye kiti, nikajua.

Nilichotarajia ni kwamba atazikwa upesi, kama alivyozikwa jirani yetu mmoja. Lakini kulikuwa na jambo. Baba hakuwa amejenga nyumbani. Nyumbani ni kijijini, kule mbele ya Kisian, ukiiacha barabara ya Busia na kupanda kidogo. Kwetu Waluo mwanamume mwenye mke na watoto akitoka mochari lazima aingie nyumbani kwake mwenyewe kwanza, alale humo, ndipo azikwe. Haingii kwa baba yake wala kwa ndugu yake, na hawezi kulazwa nje kama mgeni. Baba alikuwa akisema kila Krismasi kwamba mwaka ujao atajenga. Sasa ikabidi ajengewe. Baba mdogo, anayemfuata baba kwa kuzaliwa, alienda huko na vijana kukata miti na kukanda udongo, na sisi tukabaki mjini tukingoja.

Siku moja baba mdogo alirudi kuchukua mabati, miguu yake imejaa udongo mkavu mpaka magotini. Wanawake wakamuuliza kama nyumba itachukua muda. Nakumbuka alivyojibu, kwa sababu maneno hayo ndiyo yaliyonisumbua.

"Msiwe na wasiwasi na ndugu yangu," alisema. "Yeye ako kwa friza. Hana haraka. Sisi kwenye jua ndio tuna haraka."

Watu wazima wakacheka kidogo, cheko la matanga. Mimi sikucheka. Nilijua friza ni nini. Nilikuwa nalala kando ya moja.

Haikupita muda transfoma ikaungua. Ilikuwa mchana. Tulisikia mlio mmoja mkubwa, kama rundo la mabati limeangushwa kutoka juu ya lori, na redio ya nyumba ya pili ikanyamaza katikati ya neno. Mama Pendo, jirani yetu, Mluhya kutoka Vihiga aliyekuwa akiuza mboga, alitoka nje akaangalia nguzo, akasema inatoa moshi kama jiko. Mama aliinuka pale alipokuwa amekaa. Tangu baba afe alikuwa hajainuka haraka namna hiyo. Aliingia ndani akaweka mkono juu ya kifuniko cha friza.

"Mtu asifungue hii," alisema. "Hata kidogo. Hata kuchungulia."

Humo ndani kulikuwa na samaki aliowanunua kabla baba hajazidiwa. Alikuwa ameacha kuwauza. Alisema watakuwa chakula cha watu watakaokuja kumzika, kwa sababu ni friza ya baba, na ni vizuri watu wale kitu kilichotoka kwake.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alichukua mablanketi akaifunika friza. Alianza na la kitandani kwake, akaongeza letu, na juu kabisa akaweka la baba. Lilikuwa la kahawia, lenye mistari miekundu pembeni, na lilikuwa na tundu dogo lililoungua, kwa sababu wakati mwingine baba alilala karakana kulinda vyuma na cheche iliwahi kulirukia. Nilikuwa na mazoea ya kutia kidole katika tundu hilo. Nilimuuliza mama kwa nini anafunika kitu kinachotaka baridi, na joto lote hili.

"Ili baridi isitoke," alisema.

Nililiwaza jambo hilo kwa muda mrefu. Mtu akifunikwa blanketi anapata joto. Friza ikifunikwa inabaki na baridi. Nikaona basi kwamba kazi ya blanketi ni kukilinda kitu kibaki kama kilivyokuwa.

Watu wa stima walikuja na gari na ngazi. Mmoja alipanda, akaangalia, akashuka, wakazungumza kwa simu, wakaondoka. Walirudi siku nyingine wakafanya hivyohivyo. Mama Pendo akasema watu hawa ni wazuri sana, wametuletea ngazi mara mbili, siku moja watakumbuka kubeba na stima. Mtaa ukazoea. Simu zilipelekwa duka lenye sola, zikapangwa juu ya meza kama nyanya. Jioni koroboi ziliwashwa na pua zetu zikawa nyeusi ndani. Barafu ilitafutwa kila mahali, lakini mtaa mzima ulikuwa unaitafuta, na ile iliyopatikana ilifika nusu yake ikiwa maji. Kulikuwa na joto ndani ya nyumba, na hatukuwa na blanketi hata moja la kujifunika, kwa hiyo hilo halikuwa shida.

Jambo lililonishtua ni ukimya. Friza haikupumua. Nililala nikiisikiliza, nikangoja ianze, haikuanza. Nikawaza juu ya ile nyingine, alimo baba.

Mtu mzima anaposikia haya anaona ni ujinga. Lakini mimi nilikuwa najua stima inatoka kwenye waya, na waya unakwenda kutoka nguzo hadi nguzo, na nguzo zinafuata barabara hadi mjini. Hakuna aliyeniambia kwamba mtaa mmoja unaweza kukosa na mwingine ukapata. Nilidhani ni moja. Ikizimika kwetu imezimika kwake.

Kisha maji yakaanza kutoka chini ya friza. Mama aliondoa mablanketi, akayakunja, akafungua. Nilipanda kigoda nikaona anavyofanya. Alimbonyeza samaki ubavuni kwa kidole gumba na kuangalia kama shimo linajaa tena. Aliinua shavu, akanusa. Alifanya hivyo kwa mmoja mmoja, polepole. Kisha akaenda mlangoni akawaambia wale wanawake waliokuja kukaa naye kwamba samaki wameanza kulegea, na wote watolewe leo.

Ile ndiyo siku pekee ya matanga yale ninayoikumbuka ikiwa na kelele. Wanawake walifunga leso viunoni, wakaleta visu vyao. Waliwapasua samaki mgongoni, wakawafungua kama kitabu, wakawapaka chumvi. Pipa lililokatwa likawekewa wavu juu, moshi ukapanda. Wengine wakakaanga. Mama Pendo alichekwa kwa jinsi anavyoshika kisu, wakamwambia huyo si sukuma wiki, naye akajibu kwamba sukuma angalau haimkodolei mtu macho. Mama mwenyewe alicheka. Mikono yake ilikuwa na magamba mpaka viwikoni, na aliposogeza nywele, magamba yakabaki kwenye kipaji chake yaking'aa.

Samaki wengine hawakuokoka. Wale waliokuwa chini kabisa, kwenye maji, matumbo yao yalikuwa yamepasuka. Mama aliwatenga kwenye beseni. Walichimbiwa shimo kando ya ua ili mbwa wasiwafikie. Mimi nilisimama karibu na beseni lile nikawaangalia mpaka wakafukiwa. Kisha nikaenda kwa mama.

"Na baba?" nilimuuliza.

"Baba amefanya nini?"

"Stima yake pia imepotea."

Mama alinitazama, na nikaona ameelewa yote kwa mara moja, hata lile la beseni.

"Kule kuna jenereta," alisema.

"Umeiona?"

Mama alikuwa na tabia moja ambayo ilimkosanisha na watu maisha yake yote. Hakuweza kusema ameona kitu ambacho hajaona.

"Sijaiona," alisema.

Mama Pendo akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwambie tu umeiona, mama. Mtoto apate kulala."

"Lakini sijaiona," mama alirudia. Akageuza samaki aliyekuwa mkononi, akaendelea kumpaka chumvi. "Kesho tunapeleka nguo. Tutaenda naye, tutaona."

Asubuhi mama alitia nguo za baba kwenye mfuko: suti, shati jeupe, soksi. Mimi nilichukua lile blanketi la kahawia. Halikuwa na kazi tena juu ya friza, kwa kuwa friza ilikuwa tupu, imefunguliwa ikauke. Nililikunja nikalikumbatia. Mama aliliona, akafunga mlango. Tulitembea hadi huko, kwa sababu aliogopa kupanda kitu chochote na mimi nikiwa nimebeba mzigo usioniacha nione mbele.

Nje ya mochari palikuwa na benchi na watu wamekaa kimya wakingoja zamu. Palinuka dawa. Mhudumu alikuwa mzee mrefu mwenye viatu vya mpira na koti la buluu lililofuliwa likapauka. Alipokea mfuko, akatoa nguo moja moja, akazitaja, akazirudisha. Mama alikuwa akiitikia tu, "Ndiyo, baba." Kisha yule mzee akaniangalia.

"Na hii, nyathina?" aliuliza. Mtoto wangu, aliniita.

"Ni ya kumfunika," nilisema. "Kwetu stima imepotea."

Alimtazama mama. Mama akavuta pumzi.

"Anauliza kama mko na jenereta."

Mzee yule hakucheka wala hakunipapasa kichwani. Alisema njoni, akatuzungusha nyuma ya jengo. Kulikuwa na mashine ya kijani ndani ya kizimba cha waya, kubwa kuliko friza yetu mara nyingi, na chini yake mafuta yamedondoka yakaacha doa jeusi. Ilikuwa kimya.

"Mbona hailii?" nilisema.

"Stima ipo. Haiwezi kulia kama stima ipo." Alinyoosha kidole juu ya mlango. Balbu ilikuwa inawaka mchana kweupe. "Unaiona? Ile ikizima, hii inalia."

"Na mafuta yakiisha?"

"Tunaagiza yaletwe."

"Na kabla hayajaletwa?"

Hapo aliiangalia tena ile mashine. Naamini aliliwaza kweli. Kisha akatoa mikono yote miwili.

"Basi lete," alisema.

Nikampa. Alilipokea, akalilaza juu ya mfuko wa nguo, akaingia nalo ndani.

Tuliporudi, mama alinishika mkono njia yote, jambo ambalo hakuwa akilifanya, kwa sababu kwa kawaida mikono yake ilikuwa na mzigo. Tulipofika karibu na nyumbani, pale ambapo nguzo iliyoungua ilikuwa inaonekana, alisema bila kuniangalia:

"Hata mimi nilikuwa nimeogopa. Nilikuwa sina mtu wa kumuuliza."

Nyumba ilipokamilika tulikwenda. Waombolezaji walijaza magari, sanduku la baba likiwa mbele. Ile nyumba ilikuwa ndogo, mlango umetengenezwa na rafiki wa baba wa karakana, udongo wa ukutani bado una alama za viganja na bado mbichi, ukiugusa unaingia kidole. Ilinuka mvua, ingawa mvua haikuwa imenyesha. Waliliingiza sanduku, wakaliweka sebuleni, na baba akawa nyumbani kwake. Baba mdogo alisimama mlangoni, mikono imepasuka kwa udongo, akalia kwa sauti.

Watu walipita kumtazama kupitia kioo kidogo cha juu ya uso. Zamu yetu ilipofika mama alimpa mtu mwingine ambebee mdogo wangu, akaninyanyua. Kioo kilikuwa na ukungu, baba mdogo akakifuta kwa kitambaa. Nikaangalia. Nilitamani kumbonyeza shavu kwa kidole gumba kama mama alivyofanya kwa samaki, lakini kulikuwa na kioo. Nikaangalia kwa macho tu, kwa makini, kuanzia kipaji hadi kola ya shati. Alikuwa mweusi kuliko nilivyomjua, na amenyoa vizuri.

"Hajaharibika," nilimwambia mama.

Nilisema kwa sauti ambayo watu waliisikia. Mtu mmoja nyuma akaguna, kana kwamba nimesema vibaya. Mama hakunikemea. Aliwageukia waliokuwa wanangoja, mimi nikiwa bado mikononi mwake.

"Hajaharibika," aliwaambia.

Blanketi sikuliona. Kioo kilionyesha uso na kifua kidogo, suti na shati. Jioni, watu wakila wale samaki wa moshi uani, nilimuuliza mama kama alifunikwa. Alisema hakuona. Sikumuuliza tena, na yeye hakunitungia jibu.

Tuliporudi Nyalenda stima ilikuwa imerudi bila sisi. Balbu tuliyokuwa tumeisahau ilikuwa inawaka. Friza ilikuwa inanguruma. Mtu alikuwa amekifunga kifuniko alipokuja kuangalia nyumba, na waya ulikuwa umechomekwa. Mama alifungua. Hakukuwa na kitu, lakini kuta zake zote zilikuwa zimeota theluji nene, nyeupe, safi. Ilikuwa imegandisha hewa muda wote ule. Mama alikwangua kidogo kwa ukucha, akanipa nikaitia mdomoni. Ilikuwa na ladha ya samaki. Siku chache baadaye alirudi Dunga.

Gauni ya kanisani nimeipata chini kabisa ya friza, imekunjwa ndani ya shuka. Nimechukua na blanketi moja, lile lililokuwa juu ya mengine humo.

Mochari sasa wana jengo jipya. Aliyenipokea ni msichana mpole mwenye glavu, akapokea gauni, kitambaa cha kichwa, viatu. Alipoona blanketi aliniambia kwa adabu kwamba si lazima, mama, siku hizi tuna jenereta kubwa, inajiwasha yenyewe.

"Najua," nilimwambia. "Nimepita nyuma, nimeiona."

Kisha nikamnyooshea blanketi, naye akalipokea.

Jioni mdogo wangu alipiga simu kuuliza kama nimepeleka kila kitu. Nikamtajia: gauni, kitambaa, viatu, blanketi. Akauliza blanketi la nini. Nikakumbuka kwamba wakati ule alikuwa bado ananyonya.